Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Vituo vya Mwendokasi na Historia ya Mji wa Waenda kwa Miguu

Kila abiria wa mwendokasi ni mwenda kwa miguu. Hakuna mlango wa nyumba unaofungukia ndani ya kituo. Mkazi wa Manzese, kabla ya kufika penye tiketi, amekwisha kupita vichochoro viwili, ameruka mfereji, amepishana na bodaboda, amesalimiana na mama lishe na kununua vocha kwenye fremu ya jirani yake. Akishuka Kariakoo anatembea tena. Safari ambayo mhandisi huihesabu kwa kilomita za barabara ya zege, msafiri huyu huihesabu pia kwa hatua zake mwenyewe, na mara nyingi hatua hizo ndizo sehemu ngumu zaidi ya safari.

Ndugu msomaji, katika miaka ya karibuni wapanga miji wetu wamekuwa wakilihubiri wazo moja kila penye warsha na kongamano. Wanasema kwamba ardhi inayokizunguka kituo cha mabasi yaendayo haraka, tuseme mita 500 kila upande, isiachwe ijiendee. Ijengwe kwa ujazo mkubwa. Nyumba za kuishi, maduka, ofisi, zahanati na shule vichanganyike badala ya kutengwa, na kila kitu kifikike kwa miguu, ili mtu asihitaji gari binafsi ili aishi maisha ya heshima. Mimi naliunga mkono wazo hili. Lakini nalitilia shaka namna linavyoletwa kwetu, kana kwamba ni mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege jana.

Hoja yangu katika makala haya ni moja. Mji wa kutembea kwa miguu na wa matumizi mchanganyiko ndio mji ambao wakazi wa Dar es Salaam walijijengea wenyewe. Sheria na ramani za mipango miji ziliufanya kuwa kosa kwa muda mrefu. Leo unaporudi kwa jina jipya, hatari iliyopo ni kwamba utarudi bila watu waliouanzisha.

Mji uliokatwa vipande

Tuanze na historia, maana asiyejua alikotoka hawezi kuuliza vizuri anakopelekwa.

Wajerumani walipoifanya Dar es Salaam kuwa makao ya utawala wao mwaka 1891, walianza mapema kuugawa mji kwa kanuni za ujenzi. Waingereza waliowafuata wakaukamilisha mgawanyo huo katika miaka ya 1920 kwa kuweka kanda tatu. Kanda ya kwanza ilitaka majengo ya Kizungu, ya pili ilikuwa ya biashara na makazi, ambako Wahindi walikuwa wengi, na ya tatu iliruhusu nyumba za udongo na makuti. Kwa maneno ya sheria, kigezo kilikuwa vifaa vya ujenzi. Kwa vitendo, wenye mji walizitambua kanda hizo kwa majina ambayo bado tunayakumbuka: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo pakaachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja, ambao leo tunapumzikia na kufanyia sherehe za kitaifa, lakini ambao kazi yake ya awali ilikuwa kutenganisha watu kwa kisingizio cha afya.

Kariakoo yenyewe ilipata jina kutokana na jeshi la wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps, ambalo lilipiga kambi hapo. Katika mitaa yake iliyonyooka wakazi walijenga nyumba ambayo kila msomaji wa pwani anaijua: vyumba sita, ukumbi katikati, uani penye jiko na choo, na baraza mbele. Tuitazame nyumba hiyo kwa macho ya mpanga miji wa leo. Chumba cha mbele kiligeuzwa duka. Vyumba vingine vilipangishwa kwa wageni waliokuja mjini kutafuta kazi. Barazani alikaa fundi cherehani, au muuza kahawa, au wazee wakizungumza na huku wakilinda mtaa bila mshahara. Uani palipikwa vitumbua vya kuuza. Makazi, biashara, kiwanda kidogo na ulinzi vyote vilikaa chini ya paa moja, na soko, msikiti na kazi ya bandarini vilifikika kwa miguu. Haya ndiyo matumizi mchanganyiko. Hayakuhitaji mshauri mwelekezi.

Lakini ramani ziliyaona kuwa vurugu. Mpango Kabambe wa kwanza wa Dar es Salaam, ulioandaliwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb mwaka 1949, uligawa makazi kwa ujazo: ujazo mdogo, wa kati na mkubwa. Maneno ya rangi yalipungua, lakini kila mtu alijua nani angeishi wapi. Mwaka 1956 ikatungwa sheria ya mipango miji na vijiji iliyofuata mkondo wa Uingereza, ambayo iliipa serikali mamlaka ya kusema kiwanja hiki ni cha kuishi tu, kile ni cha biashara tu, na kule ni viwanda.

Uhuru ulibadilisha wenye ofisi kuliko ramani

Hapa ndipo historia inapotuuma. Tulipopata uhuru tuliondoa ubaguzi wa rangi katika sheria, tukauacha ujazo. Hadi leo afisa ardhi atakuuliza unataka kiwanja cha ujazo gani, na wachache wetu tunakumbuka kwamba swali hilo lina asili yake.

Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Katika muongo wake wa kwanza kazi yake kubwa mjini ilikuwa kubomoa nyumba za udongo katika maeneo kama Magomeni na Kariakoo na kujenga za matofali mahali pake. Nia ilikuwa njema. Tatizo ni kwamba ukibomoa nyumba moja na kujenga moja, idadi ya nyumba haiongezeki, ilhali watu wanaongezeka kila siku. Sensa ya mwaka 1967 iliwahesabu wakazi 272,821 wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu 5,383,728. Serikali ilitambua mapema kwamba njia ile haiwezekani, na katika miaka ya 1970 ikageukia upimaji wa viwanja vyenye huduma za msingi, kama Sinza na Kijitonyama, pamoja na uboreshaji wa maeneo yaliyokwisha kujengwa, kama Manzese. Uamuzi wa kuiboresha Manzese badala ya kuibomoa ni miongoni mwa maamuzi ya busara katika historia ya miji yetu, na nitaurudia mbele.

Wakati huohuo mipango kabambe iliendelea kuagizwa. Ule wa mwaka 1968 uliandaliwa na kampuni ya Canada, Project Planning Associates. Ule wa mwaka 1979 nao ukaandaliwa na kampuni nyingine ya Canada. Yote miwili ilifikiria mji wa vitongoji vilivyopangwa kwa utaratibu na kuunganishwa na barabara kubwa. Nchi iliyokuwa imetangaza Azimio la Arusha ilikuwa ikichorewa mji unaomfaa mwenye gari, ilhali wengi wa wananchi wake hawakuwa na hata baiskeli.

Haikuwa kwamba hatukuwa na mawazo mengine. Mwaka 1973 TANU iliamua kuhamishia makao makuu Dodoma, na Mpango Kabambe wa Dodoma ukakamilika mwaka 1976. Kampuni iliyouandaa ilikuwa ileile iliyochora Dar es Salaam ya mwaka 1968. Lakini safari hii waliagizwa na siasa yenye dira. Matokeo yake ni kwamba mpango wa Dodoma ulikusudia mji wa mabasi na waenda kwa miguu: makazi yapangwe kufuata njia za usafiri wa umma, na mkazi afike kituoni kwa miguu yake. Soma tena sentensi hiyo, kisha ujiulize kwa nini leo tunaambiwa wazo hili limetoka ng'ambo. Wazo lilikuwa ndani ya kabati zetu wenyewe. Fedha zilikosekana, vita na mdororo wa uchumi vikaja, na mpango ukabaki zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye ardhi.

Kituo kilipokuwa mbegu ya mji

Usafiri nao una historia yake. Mwaka 1974 liliundwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA. Miaka michache baadaye mabasi yalianza kuharibika, vipuri vikawa adimu, na foleni za abiria zikawa ndefu. Watu binafsi wakaanza kubeba abiria kinyume cha sheria, kwa nauli ya shilingi tano, ile sarafu iliyoitwa dala. Mwaka 1983 serikali ikawaruhusu. Ndivyo daladala zilivyozaliwa.

Tunazoea kuziona daladala kama tatizo la usafiri. Mwanahistoria wa miji huziona pia kama mpanga miji asiye na cheti. Kila ziliposimama paliota kitu. Kwanza muuza maji na karanga, kisha mama lishe, kisha fundi viatu, kisha fremu, kisha nyumba ya wageni, hatimaye soko. Buguruni, Mwenge, Mbagala Rangi Tatu na Manzese zilikua kwa kanuni hiyo: penye watu wanaoshuka, pana riziki. Huo ndio uendelezaji wa ardhi kuzunguka kituo, isipokuwa ulifanyika bila mifereji, bila taa, bila njia za miguu, na bila usalama wa kisheria kwa wanaoufanya.

Mwendokasi ulipokuja ulirithi mji huo. Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka ulianzishwa mwaka 2007, ujenzi wa awamu ya kwanza ukaanza mwaka 2012, na huduma ikaanza Mei 2016. Ni kilomita takribani 21, kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Kariakoo, zikiwa na vituo 27 na vituo vikuu 5. Awamu 6 zilipangwa, na zinazofuata zinaelekea Mbagala, Gongo la Mboto na Tegeta. Pamoja na malalamiko yote tunayoyajua kuhusu uhaba wa mabasi na msongamano, na pamoja na kosa la wazi la kuweka karakana Jangwani katika bonde linalofurika, tukubali kwamba njia hii ilimpa mtu asiye na gari nafasi ya mbele barabarani. Kwa mara ya kwanza mwenye gari binafsi alikaa kwenye foleni akimtazama mpanda basi akipita.

Lakini barabara ya namna hiyo hubadilisha pia bei ya ardhi. Na hapo ndipo pa kuangalia.

Nani anavuna?

Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilipopendekeza ardhi iwe mali binafsi ya kudumu, Mwalimu Nyerere aliandika makala aliyoyaita "Mali ya Taifa". Hoja yake ilikuwa kwamba mtu anastahili kumiliki kile alichokifanyia kazi, lakini ardhi yenyewe hakuitengeneza. Mwaka 1963 umiliki wa kudumu ulifutwa. Tukiihamishia hoja hiyo kwenye Barabara ya Morogoro tunapata swali gumu: kiwanja kinachopanda bei kwa sababu kituo cha mwendokasi kimejengwa mita 200 kutoka mlangoni, ongezeko hilo ni jasho la nani? Si la mwenye kiwanja. Ni la walipa kodi, ambao pia watalipa mkopo uliojenga barabara hiyo, akiwemo muuza karanga.

Miji mingine imepitia swali hili kabla yetu. Curitiba, nchini Brazil, ndiyo mama wa mabasi ya namna hii. Njia zake za kwanza zilianza mwaka 1974. Serikali ya mji iliruhusu maghorofa marefu kando ya mihimili ya mabasi tu, maduka yakiwa chini na makazi juu, na watu wakapanda mabasi kweli. Lakini ardhi ya mihimili hiyo ikawa ghali, na wengi wa maskini wakaishia pembezoni na katika miji jirani. Bogotá, nchini Colombia, ilipokuwa ikiandaa mabasi ya TransMilenio yaliyoanza mwaka 2000, iliunda chombo cha umma cha kununua na kutayarisha ardhi kwa ajili ya nyumba za watu wa kipato cha chini kabla bei haijapanda. Chombo hicho hakikumaliza tatizo. Kilionyesha tu kwamba wakati wa kuulinda mji wa maskini ni kabla ya basi la kwanza kupita. Baada ya hapo gharama hupanda pamoja na ardhi.

Hapa nyumbani tuna mfano wa kujifunzia. Magomeni Kota, karibu na makutano ya Barabara ya Morogoro na Kawawa, palikuwa na nyumba za zamani za umma. Zilibomolewa, na kaya 644 zikakaa miaka mingi zikipanga huku na kule bila kujua hatima yao. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliahidi kwamba watarejeshwa. Machi 2022 Rais Samia alizindua maghorofa waliyojengewa. Mimi huwapeleka wanafunzi wangu pale, nikawaambia: tazameni vizuri, maana hapa ardhi ya umma iliyo mwendo mfupi kutoka mahali njia mbili za mwendokasi zinapokutana imebaki na wenyeji wake. Kisha nawauliza: kama ardhi ile ingekuwa ya mtu binafsi, na wale 644 wangekuwa wapangaji wa kawaida, wangekuwa wapi leo? Huwa kimya kinatanda, kwa sababu wengi wao wamekulia katika vyumba vya kupanga na jibu wanalo.

Mpangaji ndiye mtu asiyeonekana katika taratibu zetu. Fidia humfuata mwenye nyumba. Mwenye nyumba akiuza, mpangaji huondoka na godoro lake na watoto wanabadili shule. Machinga naye yuko vivyo hivyo. Oktoba 2021 wafanyabiashara hawa waliondolewa kando ya barabara na kuelekezwa katika maeneo yaliyotengwa. Usafi wa barabara ni jambo jema, na njia ya miguu iliyojaa meza haipitiki, nalikiri hilo. Lakini uzoefu wa Machinga Complex pale Ilala ulikwisha kutufundisha kwamba biashara ndogo haihamishwi kama kabati. Inaishi kwa miguu ya wapita njia. Ukiipandisha ghorofani ambako hakuna apitaye, unaiua taratibu.

Kuna pia fundisho la Kariakoo. Tangu miaka ya 1990 nyumba za vyumba sita zimekuwa zikipisha maghorofa yenye maduka chini na stoo na makazi juu. Kwa maneno ya vitabuni hayo ni matumizi mchanganyiko yenye ujazo mkubwa karibu na kituo. Novemba 2024 ghorofa moja liliporomoka na kuua watu zaidi ya 20. Ujazo bila usimamizi si maendeleo. Wanaodhani kwamba kazi ni kuruhusu tu ghorofa ziote kando ya vituo waende wakasimame mahali pale.

Tufanye nini?

Sitaki kuishia kwenye lawama. Kwa ndugu zangu watumishi wa umma walio katika halmashauri na wizara, nasema mambo manne.

Kwanza, mpango wa eneo la kituo uanze na hatua za mtembea kwa miguu. Kabla ya kuchora ghorofa, pimeni vichochoro ndani ya mita 500: mifereji, taa, kivuli, vivuko, njia ya kiti cha magurudumu. Hili ndilo jambo rahisi zaidi kwa gharama, na ndilo linaloachwa mwisho.

Pili, wapangaji na wafanyabiashara wadogo waorodheshwe kama wanavyoorodheshwa wenye hati. Asiyehesabiwa hawezi kukumbukwa. Meza za mama lishe na machinga ziingie katika mchoro wa kituo tangu siku ya kwanza, mahali abiria anapopita, pakiwa na maji na pa kutupa taka.

Tatu, ardhi ya umma iliyo karibu na vituo isiuzwe. Ni akiba ambayo haitarudi. Ipangishwe kwa muda, kwa masharti kwamba sehemu ya nyumba zitakazojengwa ziwe za kodi ambayo mlinzi, muuguzi na mwalimu wanaimudu.

Nne, ongezeko la thamani ya ardhi lirudi kwa umma kupitia kodi ya pango la ardhi na kodi ya majengo, kisha litumike mtaani hapohapo, na wananchi wasomewe mapato na matumizi.

Kwa wanaharakati, nasema msisubiri tingatinga. Ukishaliona limefika, maamuzi yalikwisha kufanyika miaka mitatu nyuma katika kikao ambacho hamkuhudhuria. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inatambua ushirikishwaji wa wadau. Dai hilo lipelekwe wakati mchoro ungali wa penseli. Na kwa wanafunzi, nasema nendeni mkasome ramani za zamani. Mtakuta humo kwamba maneno "mipango", "usafi" na "ujazo" yamewahi kutumika kuwatenga watu, na kwamba yamewahi pia kutumika kuwatunza, kama Manzese ilipoboreshwa badala ya kufutwa.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwendokasi ni mgeni wetu, na tumempokea vizuri. Tumempa katikati ya barabara, sehemu bora kabisa ya nyumba. Sasa tunangoja kuona kama mwenyeji atapona. Kipimo chake ni chepesi. Miaka kumi ijayo, basi litakaposimama Manzese jioni, tumtazame anayeshuka na kuelekea nyumbani kwa miguu. Akiwa bado ni yule fundi, yule mama lishe na yule karani wa mkoa, tutakuwa tumepanga mji. Akiwa amelazimika kupanda bodaboda nyingine ya nusu saa kwenda alikohamishiwa, tutakuwa tumejenga Uzunguni mpya, safari hii kwa fedha yake mwenyewe.